Jinsi ya kutembeza watu Soho kwa stori za roki

Kama unaishi London na una ndugu wanakuja kukutembelea, na wameshapiga picha Big Ben mpaka wamechoka, wapeleke Soho kwa miguu ukawaonyeshe mziki wa roki wa Uingereza ulikotokea. Mtaa wenyewe mdogo, ukitoka Denmark Street mpaka Savile Row ukipita vichochoro ni kama kilometa tatu hivi, saa mbili na nusu unamaliza ukienda taratibu na kahawa mkanywa. Iwe unamtembeza shangazi yako bure au unataka kuifanya iwe kazi ya pembeni, njia ni ileile na mambo ya kuchunga ni yaleyale.

Kwanza ujue tatizo, maana wengi wanaanguka hapa. Cha kuona ni kidogo mno. Klabu imegeuka mgahawa, studio imefungwa miaka mingi, mlango una komeo, na mgeni wako kasimama kwenye baridi anaangalia ukuta wa matofali. Ukianza kumsomea tarehe kama mwalimu anaita majina darasani, umempoteza ndani ya vituo viwili. Kitu ambacho Soho bado inacho ni ujirani, vitu vyote vilikuwa vimebanana sehemu moja, mpiga gitaa alikuwa anaweza kununua nyuzi, kurekodi, kupiga shoo, kulewa, na kusemwa vibaya na gazeti la mziki, vyote hivyo bila kupanda basi. Hiyo ndo stori moja utakayoibeba toka mwanzo mpaka mwisho, na ushahidi wako ni miguu ya wageni wenyewe. Kila ukimaliza kituo waambie kinachofuata kiko wapi na kilihusiana vipi na hiki, alafu nyamaza watembee.

Kabla ya siku yenyewe pita njia peke yako, siku ileile ya wiki na saa ileile utakayowapeleka. Soho ya Jumanne asubuhi na Soho ya Ijumaa jioni ni miji miwili tofauti kabisa, Ijumaa kuanzia saa kumi na moja watu wanamwagika mpaka barabarani na glasi zao mkononi, hata ukipayuka hausikiki. Asubuhi sana nako kuna magari yanashusha mizigo ya migahawa na njia zinazibwa. Mi naona saa tano asubuhi katikati ya wiki ndo penyewe, maduka yameshafunguka na watu wa chakula cha mchana hawajatoka maofisini.

Watu kumi wanatosha. Njia za waenda kwa miguu kule ni nyembamba, ukiwa na kundi la ishirini nusu wako barabarani na baiskeli zinawapigia kengele. Na kispika kiache nyumbani, juu ya yale maduka kuna watu wanaishi na wameshachoshwa na makundi ya watalii. Fanya hivi, fungua grupu la WhatsApp siku moja kabla, weka humo nyimbo kumi kwa mpangilio wa vituo, waambie waje na spika zao za masikioni. Mkifika kituo kila mtu anasikiliza dakika moja kivyake alafu ndo unaongea. Inasaidia pia kwa wageni wa kwetu ambao roki hawaifahamu kihivyo, maana wengine utakuta wamekulia kwenye dansi au taarabu na wamekuja kwa sababu wewe umewaambia waje.

Njia ipange kwa miguu, usipange kwa miaka. Ukifuata miaka utawarudisha watu barabara ileile mara tatu. Kwahiyo mwanzoni kabisa wape mgongo wa stori kwa pumzi moja: miaka ya hamsini vijana wanapiga gitaa chini ya ngazi za mgahawa wa kahawa, sitini wanapata klabu na ampi kubwa, sabini mwanzoni studio zinapata mashine za maana na wanaume wanajipaka rangi usoni, alafu 1976 wanakuja vijana wa panki, roki ya fujo, kuwatukana wote waliotangulia. Basi. Hapo hata ukiruka kutoka 1964 kwenda 1956 watakufuata.

Kutaneni stesheni ya Tottenham Court Road, upande wa ukumbi wa Dominion. Kuanzia 2002 mpaka 2014 hapa juu ya mlango kulikuwa na sanamu kubwa ya Freddie Mercury kanyanyua ngumi, wakati tamthilia ya muziki ya nyimbo za Queen, bendi aliyokuwa anaiimbia, inachezwa ndani. Hapo lazima mtu aulize habari za Freddie, mwana wa Unguja yule. Mwambie avumilie, zamu yake inakuja. Ukimmaliza Freddie mlangoni huko mbele utakuwa huna pa kuwavutia. Na waambie waende msalani kabla hamjaanza, serious kabisa, Soho vyoo vya umma ni shida.

Denmark Street iko hapo karibu, fupi hata haina mita mia mbili, na hapa tulia, usiwe na haraka. Namba 4 ni duka la gitaa linaitwa Regent Sounds, jina la studio iliyokuwa palepale. Mwanzoni mwa 1964 Rolling Stones walirekodi albamu yao ya kwanza humo ndani, kwenye kachumba kadogo ambako ukutani walibandika trei za mayai ili sauti isirudi. Wageni wako wengi wamewahi kuona studio ya mtaani Dar au Mombasa iliyobandikwa trei za mayai hivyohivyo, waache waseme wenyewe, kicheko kinakuja chenyewe. Unaweza kuingia dukani lakini sio kundi zima kwa mpigo, na kama hamnunui msining'inie kwenye magitaa ya watu. Namba 5 ndo gazeti la mziki la NME lilikuwa na ofisi, hao ndo walichapa chati ya kwanza ya nyimbo zinazouza Uingereza, Novemba 1952. Namba 9 palikuwa na mgahawa wa La Gioconda, mwimbaji David Bowie kabla hajawa mtu alikuwa anashinda hapo. Na nyuma ya namba 6 kuna kajengo ambako bendi ya panki Sex Pistols walikuwa wanafanya mazoezi na wengine kulala hukohuko, mwimbaji wao Johnny Rotten akachora vikatuni vya wenzake ukutani. Mwaka 2016 jengo likapandishwa daraja kwenye ulinzi wa majengo ya kihistoria, na michoro ikiwa moja ya sababu! Yaani uchafu wa vijana waliokuwa wanachukia kila kitu cha serikali sasa hivi ni marufuku kuufuta. Siku hizi ni sehemu ya hoteli, hamtaingia, lakini stori inajitosheleza. Mwenye hamu ya panki zaidi mwambie arudi usiku 100 Club, Oxford Street namba 100, bado wanapiga mziki pale, na ndo palipofanyika tamasha la panki la siku mbili Septemba 1976.

Vukeni Charing Cross Road, piteni Manette Street mtokee Greek Street, alafu Frith Street. Ronnie Scott's iko namba 47, ni klabu ya jazi, na kuna mjuaji atakuuliza jazi inaingiaje kwenye roki. Mjibu kwamba usiku wa tarehe 16 Septemba 1970 mpiga gitaa Jimi Hendrix alipanda jukwaani humo kujumuika na Eric Burdon na bendi ya War, na ndo ilikuwa mara yake ya mwisho kupiga mbele ya watu, siku mbili baadae akafariki. Ng'ambo ya barabara kuna Bar Italia, ipo toka 1949, hapo ndo mnywe kahawa na mtumie choo. Jengo hilohilo ndo John Logie Baird alionyeshea televisheni mwaka 1926, na mlango wa jirani Mozart aliishi akiwa mtoto. Nenda navyo haraka hivyo, ni vitamu lakini vinakutoa kwenye mada.

Mkimaliza kahawa shukeni Old Compton Street, tafuta namba 59. Sasa hivi wanauza samaki na chipsi. Kuanzia 1956 chini yake ndo ilikuwa 2i's, mgahawa wa kahawa uliofunguliwa na wacheza mieleka wawili kutoka Australia, jina wakalirithi kwa waliokuwepo kabla yao, ndugu wawili wa ukoo wa Irani. Waliona biashara ya kahawa inasuasua wakaruhusu vijana wapige gitaa chini kule, mwaka huohuo Tommy Steele akaonekana hapo, 1958 akafuata Cliff Richard. Kuna kibao cha kijani ukutani kinasema hapa ndo roki ya Uingereza ilizaliwa. Kwa mtazamo wangu kibao kinajitapa kidogo, lakini ukumbi mwingine wenye haki zaidi ya huo kuutaja siujui.

Hapa nikwambie kuhusu uongo. Mtaa huu umejaa stori za baa, kila mwenye baa atakwambia Hendrix alikaa kiti hiki. Mkivuka Shaftesbury Avenue mkaingia Gerrard Street, mtaa wa Wachina, utasimulia kwamba Agosti 1968 Jimmy Page, Robert Plant, John Paul Jones na John Bonham walikutana kwenye chumba cha chini mtaani hapo wakapiga pamoja kwa mara ya kwanza, na bendi ikawa Led Zeppelin. Hiyo ni kweli. Ila mlango gani, watu wanabishana. Kwahiyo waonyeshe mtaa, usiwaonyeshe mlango. Mgeni akigundua umemdanganya kituo kimoja, vingine vyote ataanza kuvitafuta kwenye simu ukiwa unaongea.

Kona ya hapo, Wardour Street namba 33 mpaka 37, sasa hivi baa ya Kiairishi, ndo ilikuwa klabu ya Flamingo. Usiipite hii. Ziara nyingi za Soho zinaishia kwa vijana weupe wenye magitaa, wakati Flamingo miaka ya sitini mwanzoni ilikuwa inakesha mpaka asubuhi na waliojaa walikuwa Wakaribi na wanajeshi weusi wa Marekani, ndo waliokuwa wanaleta santuri ambazo Uingereza hazikuwepo. Georgie Fame alikuwa mfalme wa hapo, na kwenye bendi yake mpiga konga alikuwa Mghana, Speedy Acquaye. Watu wetu wakisikia hilo utaona wanavyosogea karibu.

Sasa pandeni Wardour kurudi kaskazini, vukeni tena Shaftesbury. Hapa ndo moyo wa ziara yako na ndo sehemu ya kuonyesha ule ujirani niliosema. Namba 90 ilikuwa klabu ya Marquee, walihamia hapo Machi 1964 kutoka Oxford Street wakakaa mpaka 1988. Novemba 1964 bendi ya The Who wakapewa siku ya Jumanne, wiki baada ya wiki, na ndo wakatoka hapo. Kuna kibao cha Keith Moon, mpiga ngoma wao. Kama una wazee wa Dar kwenye kundi, wakumbushe kwamba 1964 ndo mwaka bendi ya NUTA Jazz inaundwa nyumbani, magitaa ya umeme yanalia huku na yanalia kule, na mzee akianza kukusimulia NUTA enzi hizo muache asimulie, dakika tano za namna hiyo ni dhahabu.

Alafu waulize swali: Marquee miaka ya sitini haikuwa inauza pombe, sasa hawa watu walikuwa wanakunywa wapi? Wasogeze hatua chache hadi The Ship, namba 116, baa ipo mpaka leo. Wanamziki wakawa wanakaa hapo, mashabiki nao hapohapo, mtu akimaliza glasi anatoka kwenda kupiga. Na kichochoro cha St Anne's Court kiko palepale, kinaunganisha Wardour na Dean Street, ingieni humo mpaka namba 17. Kutoka Marquee mpaka hapa haifiki dakika tatu, na umepita ukumbi, baa na studio.

Hii namba 17 ilikuwa Trident, studio ya ndugu wawili wa ukoo wa Sheffield, ilifunguliwa 1968. Walikuwa na mashine ya kurekodi ya njia nane, yaani sauti nane kila moja na njia yake, wakati Beatles kwao Abbey Road walikuwa bado wanatumia ya njia nne, ndo maana Julai mwaka huo Beatles walikuja kichochoroni hapa kurekodi Hey Jude. Bowie karekodi hapa albamu zake za mwanzo wa sabini, Elton John pia, Lou Reed pia. Na sasa ndo umlete Freddie.

Msimulie taratibu. Farrokh Bulsara, kazaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, wazazi Waparsi, Wahindi wenye asili ya Uajemi, baba yake mshika fedha wa serikali ya kikoloni. Familia ikahamia Uingereza 1964 akiwa na miaka kumi na saba. Miaka minane baadae yuko kwenye kichochoro hiki na bendi isiyo na jina kubwa, hawana hela ya kulipia studio, wanasubiri. Trident waliwakubali kwa makubaliano ya kwamba watarekodi muda ambao wateja wanaolipa wameondoka, kwahiyo wakina Bowie wakitoka, Queen wanaingia, mara nyingi usiku wa manane. Albamu yao ya kwanza ilitengenezwa hivyo, kwa masaa ya makombo, ikatoka Julai 1973. Simamia hapo kwenye mlango uwaonyeshe ulivyo mwembamba, waambie wafikirie kijana wa Unguja kakaa hapa nje saa nane za usiku anasubiri mtu mwingine amalize. Ila angalizo, usianzishe mjadala wa Mapinduzi katikati ya kichochoro, ukiwa na watu wawili wa Unguja utakuwa na historia tatu na ziara itaishia hapohapo.

Baada ya hapo punguza maneno maana miguu imeanza kuuma. Berwick Street ni pa kununua, Reckless na Sister Ray wanauza santuri, na Sounds of the Universe pale Broadwick Street utakuta mpaka mziki wa Kiafrika uliochapwa upya. Wape dakika kumi na tano, uwape na saa ya kukutana, maana mpenzi wa santuri akiingia duka la santuri hatoki. Berwick Street hiyohiyo ndo imepigwa picha ya kava la albamu ya bendi ya Oasis ya 1995, wenye kutaka kuigiza picha waigize haraka magari yakiwa hayaji. Carnaby Street mpite tu, imekuwa maduka ya nguo kama ya kwingine kokote. Kingly Street namba 9 simameni dakika mbili, ilikuwa klabu ya Bag O'Nails, Hendrix alipiga hapo Novemba 1966 mwenyewe akiwa na miezi miwili tu tangu atue Uingereza.

Vukeni Regent Street kwenye taa, sio kwa kukimbia. Heddon Street ni kakona kamejificha upande wa pili, hapa namba 23 ndo Bowie alipigiwa picha ya kava la albamu ya Ziggy Stardust, usiku wa Januari 1972, mvua, baridi, wenzake kwenye bendi wakagoma kutoka nje, akatoka peke yake akiwa na mafua. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, rangi zikapakwa baadae kwa mkono. Kibao kipo toka 2012. Hii ndo sehemu yao ya picha kwahiyo betri ya simu isiwaishie Carnaby.

Malizia Savile Row namba 3, iko nyuma tu ya hapo. Wasimamishe upande wa pili wa barabara wainue macho juu. Tarehe 30 Januari 1969 Beatles walipanda juu ya paa la ofisi yao wakapiga dakika 42, Billy Preston kwenye kinanda, upepo mkali mpaka Lennon kavaa koti la manyoya la Yoko na Ringo koti jekundu la mkewe. Polisi wakaja kusimamisha, na hawakutoka mbali, kituo chao kilikuwa namba 27, mtaa huohuo.

Kuhusu hela. Uingereza haikulazimishi leseni ya kutembeza watu barabarani, ila jina la Blue Badge, beji ya waongoza watalii rasmi, usilitumie, hao wamesoma na kufanya mitihani na wakikukuta unajiita hivyo utaaibika. Ukianza kutoza kata bima ya dhima kwa watu wengine, mtu akiteleza kwenye ngazi za baa usije ukalipa mwenyewe. Na kama uko kwa viza ya matembezi usipokee hata senti, viza hiyo hairuhusu kazi. Wengi wanaoanza wanafanya ya mtu atoe anachoweza mwishoni, kwa watu wetu ina ugumu wake kwa sababu mjomba atakwambia atakununulia chakula, kwahiyo kama ni biashara taja bei siku unayofungua grupu, na ndugu wa damu wabebe bure ujue moja.

Kutoka Savile Row stesheni ya karibu ni Piccadilly Circus au Oxford Circus, waachie hapo. Atakayekuwa hajatosheka na Freddie mwelekeze treni ya Waterloo kwenda Feltham, nyumba ya Gladstone Avenue namba 22 waliyofikia familia ina kibao cha buluu toka 2016. Lakini ni nyumba ya kawaida kwenye mtaa wa watu, apige picha kutoka barabarani, asigonge mlango.